Kahawa ya Bibi Hobart

Ukiwa na binti anayesoma kwa watu wa Injili kule juu, usimpe kahawa akirudi likizo. Mpe sharubati ya forosadi. Mpe mtindi. Mpe maji ya chemchemi yenye baridi ya theluji, akohoe wiki nzima, afadhali akohoe. Kahawa usimwekee mbele mpaka ujue amerudi na nini moyoni. Mimi sikuambiwa na mtu, ndiyo maana nawaambia ninyi.

Mimi ni Mama Labiba wa hapa Ain Dulba. Wanawake wengine kijijini huitwa kwa jina la mtoto wa kiume. Mimi Mungu alinipa Labiba peke yake, nikaitwa kwa jina lake, na wenye midomo wakapata la kusema. Sikujali. Nilichojali ni kitu kimoja tu: Labiba asome, asiolewe na Tanios, mwana wa shemeji yangu Mitri.

Si kwamba Tanios alikuwa mbaya. Alikuwa kijana mpole mwenye mbuzi wengi, na hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza maneno aliyoyaanza. Lakini kwetu binti ni haki ya mwana wa ndugu wa baba yake kabla hajawa wa mtu mwingine, na Mitri alianza kumwita Labiba mkwe wakati bado ana meno ya utotoni. Kila akipita mlangoni kwetu anasimama.

"Mkwe wangu hajambo? Mnamlisha? Mbona namwona amekonda?"

Utadhani ameweka kondoo wake kwa jirani anamjia kumkagua.

Mume wangu Nakhle ni mtu wa amani. Hapendi kumwambia ndugu yake hapana, wala hapendi kuniambia mimi hapana, basi alituambia sote ndiyo. Kiangazi kile Labiba alipomaliza shule ya chini ya kijiji, ndiyo zake mbili zikagongana. Alikaa siku nzima juu ya paa akigeuza zabibu zilizoanikwa, aliposhuka akasema, "Sikiliza, mke wangu. Akipata nafasi shuleni kwa Hobart kabla ya Sikukuu ya Msalaba, vuli inapoanza, atasoma. Asipopata, nitampa Mitri jibu lake. Nimechoka kuwa mlango, kila mtu anausukuma upande wake."

Bwana Hobart na mkewe walitoka Amerika wakiwa maharusi, wakaikuta ile shule ya juu ni vyumba viwili na mbuzi amelala katika kimoja. Walipokuwa wamemaliza nayo ilikuwa na kengele, mapaa ya vigae vyekundu, bweni la wasichana, na bustani ya waridi ambayo Bwana Hobart aliifunga kwa nyuzi kama mtu anayefunga vidonda. Kila Jumamosi Bibi Hobart alikaa barazani na beseni, akawaosha watoto wetu macho kwa maji ya chumvi. Macho ya Labiba aliyaosha yeye, sitamnyima haki yake. Alioka pia mkate wa kwao, akatugawia kwa mkono wake. Tuliupokea kwa baraka nyingi, tukawamwagia kuku.

Bwana Hobart alijifunza lugha yetu kwenye Biblia, na hakuona sababu ya kuitafuta mahali pengine. Sokoni alisimama mbele ya mwuza mboga akasema, "Tazama, ewe mtu mwema, mabilingani haya thamani yake ni nini?" na mwuza mboga, kabla hajataja bei, alijikuta anavua kofia.

Alasiri alitembelea nyumba, akiwa na koti hata jua likiwaka. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba kukataa kahawa kwetu ni tusi. Basi kahawa ilipofika tu aliimeza yote, ya moto hivyohivyo, machozi yakamtoka, akafuta masharubu. Halafu ndipo aliposema kilichomleta: "Njoni Jumapili tumwabudu Mungu pamoja." Nasi tulijibu, "Mungu akipenda." Kwa miaka zaidi ya ishirini Mungu hakuonekana kupenda.

Msicheke. Hakuwa mbaya yeye, wala sisi hatukuwa wabaya. Ninyi mnajua kama ninavyojua: mwenye haja hanywi. Anayekuja kuposa, anayekuja kuomba damu isamehewe, anayetaka njia ya maji ipite shambani kwako, huipokea finjani, huiweka chini mbele yake, huitazama. Mwenye nyumba akimwambia, "Kunywa kahawa yako, utapata ulichokuja kutafuta," basi amepata, na ulimi uliosema hivyo haurudi nyuma hata ukikatwa. Lakini aliyekwisha kunywa hana haja. Anachosema baada ya hapo ni gumzo, kama habari za mvua. Ndiyo maana tulikuwa tukimsifu sana yule mtu, tunaambiana kwenye chemchemi, "Bwana Hobart ni mtakatifu. Miaka yote hii hajatuomba kitu."

Basi nikavaa kitambaa changu cha kanisani, nikajaza kikapu tini za asubuhi, nikapanda mlima kwenda kwa Bibi Hobart.

Alinipokea sebuleni kwake, akanimiminia kahawa mwenyewe. Nikaiweka chini. Akanieleza habari za waridi. Nikamwacha aeleze. Mwishowe naye akaitazama finjani.

"Sukari imezidi, Mama Labiba?"

"Sukari iko sawa, Bibi. Sinywi."

"Hunywi?"

"Sinywi mpaka nipate nilichokuja kutafuta. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu. Nataka alale hapa na asome hapa, kuanzia vuli hii."

Uso ukamng'aa kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Akaweka mkono kifuani vile wanawake wetu wanavyoweka, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa lugha yetu, bila kukosea hata herufi, "Kunywa kahawa yako, Mama Labiba. Utapata ulichokuja kutafuta."

Nusura nilie. Nikanywa. Nilikunywa mpaka nikayasikia mashapo kwenye meno.

Angekosea neno moja, ningemuuliza tena. Mgeni akiivunja lugha yako unakuwa macho, unamrudisha nyuma, wamaanisha nini, sema tena. Akiisema sawasawa, unalala usingizi. Huo ndio mtego wa kwanza, na mimi niliingia miguu yote miwili.

Niliporudi, Mitri alikuwa kibarazani na Nakhle, wanakula mbegu za tikiti.

"Shemeji unatoka wapi umevaa hivyo? Nani kafa?"

"Natoka kwa Bibi Hobart. Labiba amepata nafasi."

"Amepata? Umeonyeshwa kitanda?"

"Nimeweka finjani chini. Nimeambiwa ninywe. Nimekunywa."

Mitri akaacha kutafuna. Hata yeye, na ukaidi wake wote, alijua hapo hakuna pa kushika. Akasimama, akajikung'uta maganda, akamwambia ndugu yake, "Haya. Mbuzi wangu hawahitaji mke anayejua hesabu," akaenda zake.

Mimi nikafuma soksi. Nikashona blanketi. Shangazi yangu wa bondeni alikuwa amewaambia masista wa huko wanishikie nafasi shuleni kwao, tahadhari tu. Nikawapelekea jibini na shukrani, nikasema nafasi yenu wapeni wenye shida, sisi tumeshakunywa. Nilikuwa na wasiwasi wa mambo mengine kabisa: kama bweni lina upepo, kama watamfunika usiku, kama mvuke wa jiko lao unaleta kikohozi. Wasiwasi wangu umejaa nyumba nzima, lakini siku zote husimama mlango usio wake.

Siku moja kabla ya Msalaba, watoto wakiwa tayari wanakusanya kuni za moto wa sikukuu, Nakhle alirudi kutoka kinuni na gunia la unga begani, hakulitua.

"Nimekutana na Bwana Hobart njiani," alisema. "Amesikitika sana. Anasema bweni limejaa. Labda mwakani."

"Tua gunia," nikamwambia.

"Amesema pia kwamba anatuombea."

"Nakhle, tua gunia!"

Sikungoja alitue. Nilipanda ule mlima na aproni yangu ya jikoni.

Bwana Hobart alikuwa bustanini na mkasi wake. Bibi aliponiona tu akaingia ndani, akatoka na kahawa. Kahawa! Niliisukuma mbali kama nge.

"Amani iwe nawe, ewe mama," alisema Bwana Hobart.

"Nilikuwa nayo mpaka leo asubuhi. Mmefanya nini na nafasi ya mwanangu?"

"Tazama, vitanda vimejaa. Nilimwambia mumeo kwa uchungu. Mwaka ujao, Bwana akitujalia uzima..."

"Lakini nilikunywa!"

Wakatazamana, mume na mke.

"Ulikunywa nini?"

"Kahawa! Hapa kwenu! Kwenye kiti kile pale ndani!"

Bwana Hobart akaweka mkasi chini. Akanisogelea polepole, akanitazama machoni kwa upole wa daktari. "Je," akauliza, "ilikudhuru?"

Jamani. Nilikaa juu ya ukingo wa maua, nikacheka, na kucheka kukageuka kulia, na Bibi akaanza kunipepea kwa kofia yake. Hapo ndipo nikawaeleza, taratibu, kama ninavyomweleza mtoto: finjani ikiwekwa chini ina maana gani, na neno "kunywa" likisemwa lina uzito gani. Kadiri nilivyoendelea, uso wa Bibi Hobart ukawa mwekundu kama komamanga lililopasuka.

"Nilidhani ndivyo mnavyosema tu," alisema. "Kama 'karibu'. Nilimsikia jirani yako Mama Iskandar akimwambia mgeni wake, nikaona ni maneno mazuri, nikayajifunza kwa moyo."

"Ni mazuri, ndiyo. Siku ile Mama Iskandar alipoyasema, alitoa shamba la mizeituni."

Akafunika mdomo.

"Nimeyasema kwa watu wengi," akanong'ona.

Sikuuliza ni watu gani. Mpaka leo nikikutana na mtu wa kijiji kingine anayemnung'unikia Bibi Hobart bila kusema sababu, najua.

Nikamgeukia mumewe. "Na wewe, Bwana Hobart, Jumapili unafundisha nini? Mimi si wa kanisa lako, lakini madirisha yako hufunguliwa na sauti yako ni kubwa. Si umesema ndiyo ya mtu iwe ndiyo kweli? Au hiyo ni ya watu wa huku chini?"

Alikuwa akitazama mapaa ya Ain Dulba, moja baada ya jingine, kama mtu anayekumbuka alikosahau mwavuli.

"Mama Labiba," akasema. Kwa mara ya kwanza hakusema ewe. "Mimi ninapokuja nyumbani kwenu, nikanywa, halafu nikawaalika kanisani..."

"Ulikuwa umeshakunywa, Bwana."

"Kwa hiyo mlidhani..."

"Tulidhani unapiga soga."

"Miaka yote hii?"

Nikamwonea huruma. "Tulizipenda sana soga zako," nikamwambia.

Mtu mwingine angekasirika, na sisi wa huku tungeelewa hasira. Yeye alimgeukia mkewe akasema, "Edith. Chumba cha Ruth."

Ruth ni binti yao, alikuwa ameshapelekwa Amerika kusoma. Chumba chake kilikuwa kama alivyokiacha, na mwanasesere juu ya mto. Bibi Hobart alikunjakunja ukosi wa nguo yake. Nami ni mama, najua kinachokunjwa hapo.

"Ndiyo," akasema. "Atalala chumba cha Ruth, nyumbani kwetu."

"Hiyo ndiyo ni ndiyo ipi?" nikauliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Akaichukua ile finjani niliyoisukuma, akaniwekea mbele kwa mikono miwili. "Ndiyo ya kahawa," alisema.

Ilikuwa imepoa na sisimizi ameingia. Nikanywa.

Kesho yake jioni, moto wa Msalaba ukiwaka juu ya kila kilima, Nakhle alimkumbatia ndugu yake akamwambia Labiba anakwenda shule. Mitri akasema alikuwa anajua tangu zamani, na kwamba hata hivyo Tanios hapendi wanawake wenye shingo ndefu. Nikadhani mambo yameisha.

Bwana Hobart ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Wiki iliyofuata Mama Iskandar, jirani yangu, aliingia jikoni kwangu mbio na unga mikononi.

"Mama Labiba, umemfanya nini yule Mmarekani wetu?"

"Nimemfanya nini?"

"Amekaa kwangu tangu adhuhuri! Nimempa kahawa, ameiweka chini. Imepoa, nikambadilishia, akaiweka chini tena. Amesema neno moja, haongei tena. Anatabasamu tu!"

"Anataka nini?"

"Anataka twende kanisani kwake Jumapili! Na mume wangu ndiye msoma zaburi wa Padri!"

"Basi mwambie hapana."

"Hapana?" Alinitazama kama niliyetapika mezani. "Mtu ameweka finjani chini ndani ya nyumba yangu, mbele ya picha ya mama mkwe wangu, nimwambie hapana? Unataka tuhame kijiji?"

Wakaenda. Wangefanyaje? Bwana Hobart akaingia kwa Mitri, akaweka chini, Mitri naye akaenda, akasinzia benchi la mbele na ubao ukamwachia alama shavuni. Akaingia kwa mwuza mboga, kwa fundi viatu, kwa wajane wawili wa kisimani. Jumapili za vuli ile kanisa la Injili lilijaa hata madirishani, na Padri wetu akabaki akiwahubiria bibi vizee watatu na jogoo. Bwana Hobart alihubiri kwa sauti inayotetemeka. Miaka ishirini alikuwa ametafuta mlango wa mioyo yetu, kumbe ulikuwa kwenye kisahani.

Wakanilaani mimi, bila shaka. "Wewe ndiye uliyemfundisha!" Kila mtu aliyekaa benchi lile gumu alinitazama upande.

Aliyetuokoa ni Mama Iskandar mwenyewe, ambaye akili yake hufanya kazi vizuri akiogopa. Bwana Hobart alipokuja tena, alimpa sharubati ya forosadi. Akaiweka chini. Mama Iskandar akamwambia, "Kunywa, Bwana, inzi wataingia," wala hakuongeza neno. Kwa sharubati hakuna sheria. Babu zetu hawakusema lolote juu ya sharubati. Kabla ya theluji ya kwanza hapakuwa na nyumba Ain Dulba yenye kahawa. Imekwisha, Bwana. Imelowa, Bwana. Panya, Bwana. Na kanisa la Injili likarudi kuwa na nafasi ya kutosha.

Yeye je, alielewa? Siku moja alinikuta njiani akanishika mikono. "Mama Labiba, upendo wa watu umeongezeka ajabu. Zamani walinipa kahawa kama mtu yeyote. Sasa kila nyumba hunipa kinywaji cha sikukuu!" Nikatazama viatu vyangu. Meno yalimwoza mawili mwaka ule kwa utamu, akayang'oa akishukuru.

Labiba alikaa chumba cha Ruth. Kila Ijumaa nilipanda na kikapu: zeituni, mkate wetu, soksi. Nilimpapasa kifua kama kina kikohozi. Nilimuuliza kama bado anajifanyia ishara ya msalaba kama kanisani kwetu. Nilimnusa nywele. Alirefuka, akajifunza kinanda, akamsaidia Bibi kuosha macho ya watoto Jumamosi. Siku moja nilimkuta anakula mkate wa Bibi Hobart.

"Acha, nitakupa wetu," nikamwambia.

"La, mama, naupenda."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nikashtukia soksi, zilikuwa zimetoboka.

Miaka ikapita hivyo. Tanios alioa msichana wa kijiji cha pili, naye ndiye anayemmalizia maneno yake, wanaishi vizuri. Pasaka ya mwaka wa mwisho wa Labiba ikafika, na habari zikaja kwamba akina Hobart wanazeeka, wanarudi kwao kiangazi. Kijiji kilisikitika kweli. Watu wengine walianza hata kununua kahawa, kidogokidogo.

Wakaja kutuaga. Bwana, Bibi, na Labiba katikati yao, amevaa nguo ya bluu aliyoishona mwenyewe, nywele amezifunga juu kama mwalimu. Nilipomwona anavuka kizingiti nilisema moyoni, Mama Labiba, umeshinda. Mitri yuko wapi aone.

Nikawasha jiko. Bwana Hobart nikammiminia sharubati, mazoea. Bibi nikampa kahawa. Halafu nikasimama na dele la kahawa mkononi. Labiba hakuwahi kupewa kahawa nyumbani kwetu; watoto hawapewi. Lakini huyu hakuwa mtoto tena, huyu alikuwa mwanamke mwenye shule, na kiburi kilinipanda kichwani kama mvinyo. Nikachukua finjani nzuri, yenye ukingo wa dhahabu, ya harusi yangu, nikaijaza, nikatia iliki, nikamwekea mwanangu kwa mikono miwili kama mgeni.

"Mungu aibariki mikono yako, mama," alisema.

Akaipokea. Akaiweka chini.

Nikadhani anangoja ipoe. Tukaongea habari za meli. Bwana akanywa, Bibi akanywa. Nakhle akanywa. Labiba alikuwa ameweka mikono mapajani, anaitazama finjani.

"Itapoa, mwanangu."

"Najua, mama."

Nakhle akatazama dari. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza, mtu wa mlango.

"Kunywa, Labiba," nikasema haraka, "halafu tutaongea."

"Nikinywa kwanza, itakuwa gumzo tu. Si wewe uliyesema?"

Bibi Hobart akamshika mkono. "Labiba, hatukukubaliana ufanye hivi. Tulisema utamuuliza tu."

"Ndivyo watu wa huku tunavyouliza, Bibi," binti yangu akamjibu. Halafu akanigeukia, na sauti yake haikutetemeka, yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka na bado sijasema. "Nataka kwenda nao. Kuna chuo cha wauguzi mjini kwao. Nitakaa kwa Ruth. Nikirudi nitaosha macho, na nitajua pia kwa nini yanaumwa."

"Ukirudi!"

"Nikirudi, mama."

"Bahari yote ile! Na baridi ya kule? Na nani atakufunika?"

"Najifunika mwenyewe tangu nilipoingia chumba cha Ruth."

"Mtoto hamwekei mama yake finjani chini!" nikapiga kelele. "Wapi umeona? Finjani ni ya wageni, ni ya wachumba, ni ya watu wenye damu kati yao!"

"Wewe uliiweka chini kwa ajili yangu," alisema. "Sikujua njia nyingine inayokufanya usikie."

Nikamtazama Bwana Hobart, labda atasema neno, ana sauti kubwa. Yeye alikuwa ameinamia bilauri yake tupu. "Mimi sina haja, Mama Labiba," alisema kwa upole. "Mimi nimeshakunywa."

Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria sana hilo, nanyi mtalifikiria. Lakini mimi ndiye niliyepanda mlima na aproni kuwafundisha watu wa Injili kwamba neno hili haliogopi bahari wala bweni lililojaa. Mimi ndiye niliyekiweka kijiji kizima kwenye benchi gumu kwa ajili yake. Nikisema finjani ya mwanangu haina uzito, basi ile yangu nayo haikuwa na uzito, na Labiba angekuwa anachunga mbuzi wa Tanios na kungoja amalize kusema.

Juu ya kahawa utando ulikuwa umeanza kushika. Nikaweka mkono kifuani.

"Kunywa kahawa yako, Labiba," nikasema. "Utapata ulichokuja kutafuta."

Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba kukaa miaka yote ile nyumbani kwa wageni kumemfundisha kuyasikia maneno hayo kama Bibi Hobart alivyoyasema zamani: maneno mazuri, kama karibu, yasiyomfunga mtu. Nilimwangalia machoni nione.

Akaiinua ile finjani ya harusi yangu, akanywa mpaka mashapo.